Jicho la Projekta Lililoanikwa Juani

Sijapata kuona watu wanaopenda kuanika vitu kama watu wa Newala! Wakati wa mvua ukungu hauondoki na nguo zinaota kuvu sandukuni, kwa hiyo jua likichungulia tu, kila kitu kiko nje: mikeka, magodoro, mihogo, hata vyeti vya ubatizo. Mwenzenu yalinikuta.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nikizungusha gari la sinema, kutoka Masasi hadi huku juu. Projekta yangu ilikuwa na kitu nilichokiita jicho: kichupa cha kioo chenye kibati cha rangi ya fedha ndani. Mwanga wa taa ulipenya mstari wa sauti pembeni mwa filamu, ukakiangukia kibati, nacho kikarusha elektroni, yaani chembe za umeme, nyingi au chache kadiri ya mwanga. Spika ikazigeuza maneno. Jicho likifa, picha inabaki bubu.

Nilifikia kwa mama mmoja mjane. Mwanawe wa pekee alikwenda Tanga kukata mkonge, akapotea miaka mingi bila hata barua. Jamaa yake mmoja akamwambia kijana huyo anaonekana, tena anasema, kwenye filamu yangu ya mkonge.

"Nataka nisikie mwenyewe kama atarudi," mama aliniambia.

Nilikwisha kuionyesha Masasi. Nilijua anachosema kijana. Nikafyata mkia, nikaona heri mashine imwambie.

Jioni nikalitoa jicho, nikalifunga kitambaani, na kwa mdomo wangu huu nikasema mbele yake kwamba adui wa kitu hiki ni unyevu. Kesho yake nilikwenda kutafuta dizeli. Kurudi saa saba mchana, nalikuta jicho uchi juu ya ungo, katikati ya mihogo, linachomwa na jua!

"Mama! Nani kalitoa hili?"

"Mimi, mwanangu. Kitambaa kilikuwa kibichi, nikakuanikia."

Lahaula! Kibati kilikuwa kimeungua, kimepiga madoa. Nilifoka mpaka majirani wakachungulia. Nikamwambia kaiua sauti, na jicho la akiba sina. Alibaki akisugua vidole vyake. Nami nikazidi kuwaka, maana kazi niliyoiachia mashine sasa ilikuwa yangu.

Alasiri tuliziba madirisha ya darasa kwa mikeka, nikaonyesha picha bubu. Kijana akatokea, mrefu, panga mkononi, akafungua mdomo. Mama yake akainuka kwenye benchi.

"Kasema nini?"

"Hajambo, mama. Anakusalimu."

"Mdomo umekwenda muda mrefu. Salamu gani hiyo?" Akanishika mkono. "Wewe ulimsikia. Niambie."

Nikamwambia. Ana mke huko, ana watoto, kajenga. Harudi.

"Hilo nalijua siku nyingi," akasema, macho bado yako ukutani. "Mimi nilitaka sauti yake."