Kikohozi Kabla ya Harusi

Mdogo wangu aliniomba nimwimbie kanisani siku ya harusi yake. Alikuwa amechagua mwezi wa nane, wakati mtaa wetu wote wa Katoyi umekauka na kila pikipiki inayopita inatimua vumbi jeusi la mawe ya volkano. Nikakubali kwa furaha. Wiki chache kabla ya siku yenyewe nikaanza kukohoa, na sauti ikakwaruza kama bati linaloburutwa.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alinisikiliza kifua, kisha akaniuliza, "Mama, unapikiaka wapi?"

"Mu nyumba, na makala ya moto."

"Na madirisha?"

"Tunafungaka, juu ya vumbi, isiingie."

Akacheka. "Basi unakimbia vumbi, unakula moshi!"

Alinipa dawa, akanishauri nipikie mahali penye hewa, ninyunyize maji kabla ya kufagia, na nikipanda pikipiki nijifunge kitambaa puani na mdomoni.

Vitambaa havikunisumbua, nilikuwa na mabaki ya vitenge. Shida ilikuwa mama mkwe. Anatoka Butembo, anaishi nasi, na jikoni hapangiwi na mtu.

"Nipikie inje?" alishangaa nilipomweleza. "Majirani bahesabu samaki mu chungu yangu?"

Jioni hiyo mdogo wangu akapiga simu kuulizia wimbo. Nilifungua kinywa, kikohozi kikanibana hata machozi yakanitoka. Mama mkwe akaninyang'anya simu.

"Ataimba," akamwambia. "Miye ndiye nasema."

Asubuhi niliamshwa na nyundo. Nilimkuta amesimama juu ya kiti, kitenge kimekazwa kiunoni, anang'oa mbao za juu za ukuta wa jikoni.

"Mama, utaanguka!"

"Shika kiti, uache makelele. Utaharibu sauti."

Nikashika, huku nacheka na kukohoa. Alipowasha makaa, moshi ulipanda taratibu, ukatokea pale juu. Tukautazama wote wawili kama watu wanaomsindikiza mgeni aliyekawia kuondoka.

Kikohozi kilipungua polepole. Siku ya harusi nilikwenda kanisani nimejifunga kitambaa hadi mlangoni, dereva wa pikipiki akinitania kwamba nimekuwa jambazi. Niliimba beti zote. Katikati ya ubeti wa mwisho nilikohoa kidogo, mdogo wangu akaangua kicheko ndani ya shela, na kanisa zima likapiga vigelegele.