Pindo la Buibui la Mama

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Mambrui mtakumbuka, mtaa mzima ulikuwa na pikipiki moja tu, ya Kijapani, nyekundu, nayo ilikuwa ya baba yangu, mwalimu wa madrasa. Akiipiga teke ikanguruma, kuku walitawanyika, nasi watoto tuliacha mchezo wa kombolela tukaikimbilia, tukinusa petroli kana kwamba ni udi.

Mimi niliipenda ikiwa imesimama. Ikiondoka, niliiogopa.

Kabla yake tulizoea punda na baiskeli, na wanawake walikaa upande, miguu pamoja, kwa heshima. Mama akaipanda pikipiki vivyo hivyo. Nani angetuambia kuwa kitu chenye mwendo ule hakipandwi kama punda?

Asubuhi moja waliondoka kwenda Malindi kumtazama nyanya, aliyekuwa mgonjwa. Nilikuwa mlangoni nikitafuna mahamri. Hawajafika hata dukani, nikaona pindo la buibui la mama limeingia kwenye mnyororo, linavutwa kama kamba ya kisima. Mama akaanza kuinama kinyumenyume. Nilitaka kupiga ukelele. Sauti ikakataa kutoka.

Jirani yetu Bi Rukia ndiye aliyepiga. "Mwalimu, simama! Wamuua mkeo!"

Buibui likachanika, mama akaanguka mchangani. Baba akaiacha pikipiki ianguke, akamkimbilia. Mama akajipangusa, akaomba leso ajistiri, ndipo akasema, "Mwalimu, punda hali nguo."

Tangu siku hiyo baba hakuipiga teke kabla ya kuuliza, "Umefunga?" Naye mama, pindo limekusanywa na kukazwa kwa leso magotini, alijibu, "Nimefunga, na Mungu ndiye mlinzi." Pikipiki zilipoongezeka, wanawake wote wa Mambrui wakaiga.

Leo mjukuu wangu Zuhura huenda chuoni Malindi kwa bodaboda, abiria watatu nyuma ya dereva, simu sikioni, pindo lapepea kama bendera.

"Funga pindo, mjukuu wangu."

"Nyanya nawe! Ni hapa karibu tu."

Karibu! Mama hakufika hata dukani.

Namshukuru Mola kwa umri alionijalia. Lakini enzi zile pikipiki ilikuwa moja na macho yalikuwa ya mtaa mzima. Sasa zapita nyingi hata hakuna anayegeuza shingo, na Bi Rukia tulishamzika. Kila asubuhi nasimama mlangoni, leso mkononi, mpaka mngurumo upotee. Nikiona pindo limevutwa, ni mimi wa kupiga ukelele. Naomba sauti isinikatae tena.