Mapafu ya Kila Jumamosi

Mapafu ya ng'ombe yakichemka hutoa povu la kijivu, na povu hilo linanuka kama tambara la kudekia lililosahauliwa ndani ya ndoo siku tatu. Hadi leo nikisikia harufu ile mate hunijaa mdomoni, na si mate ya hamu. Miaka michache baada ya uhuru, tulipokuwa tukiishi Burumba, nililazimishwa kula uchafu ule kila Jumamosi asubuhi kwa wiki sita. Sababu yake ilikuwa mbio.

Nilikuwa darasa la saba na nilikuwa nimewaacha nyuma wasichana wote wa upande wetu, kuanzia Chakol hadi Moding. Fainali ingekimbiwa Timboroa, juu kabisa, kwenye baridi na hewa nyepesi. Shule moja ya bweni ya huko iliahidi kuwachukua wasichana watatu wa kwanza waingie kidato cha kwanza. Kwangu hiyo ilikuwa njia pekee, maana Baba alishasema wazi kwamba sekondari ni ya kaka yangu Wafula, mimi nitashika jembe.

Mama alikuwa na wazo zuri. "Baba Wafula, mpeleke kwa mdogo wangu kule Timboroa. Akae naye hizi wiki sita, mwili uzoee ile hewa." Mama mdogo alikuwa akichuma pareto huko. Lakini Baba alikuwa dereva wa lori, Malaba hadi Nakuru, na hakuna mtu aliyeweza kumfundisha kupanda mlima. Alicheka. "Mimi napita kule kila wiki. Lori likikohoa mlimani ujue ni chafu ndani. Huyu nitamsafisha hapa hapa."

Basi nikasafishwa. Ijumaa nikitoka shule nilinyweshwa kastoroli, yale mafuta ya kuharisha, kijiko baada ya kijiko, kisha nikawa mgeni wa choo, nimechuchumaa na nzi wa kijani wakinitua mapajani. Jumamosi, tumbo likiwa tupu, nilipewa mapafu ili niongeze mapafu. Hayakutiwa chumvi, eti chumvi hukausha koo. Lo! Yalikuwa laini kwa nje na ndani yana mirija migumu iliyolia kwichi kwichi chini ya meno. Baba aliketi mbele yangu hadi nimalize. "Meza, Nekesa. Hiyo ni hewa unakula." Nilimeza huku nikimchukia, na nilijichukia zaidi kwa sababu nilikuwa nimeanza kumwamini.

Tulifika Timboroa siku moja tu kabla ya mbio. Asubuhi Baba akatoa bakuli la mwisho kwenye lori, limelala na baridi, mafuta meupe yameganda juu. Nikala. Mzunguko wa tatu kifua kilinibana nikawa nafungua mdomo na hakuna kinachoingia. Nilikuwa wa nne. Yule wa tatu alikuwa karibu hata nikaona kiraka mgongoni mwake na uzi mwekundu uliokishona. Hapo ndipo mapafu yaliporudi, vipande vilevile nilivyovimeza, yakamwagika kwenye miguu yangu mbele ya watu wote. Nilimaliza wa saba.

Mama mdogo alinifuta kwa leso yake. "Shemeji, ungeniletea tu mtoto," akasema. Baba alitazama matapishi, akatema mate kando. "Tulichelewa kuanza," akajibu. "Wiki sita za mapafu ni kidogo."

Siku hizi mjukuu wangu anakimbia. Mwezi mzima kabla ya mashindano mwalimu wao huwapeleka Iten, juu milimani, na huko wanalala, wanakula ugali na kabeji, wanakimbia polepole mpaka damu izoee. Hunipigia simu kulalamika kuhusu kabeji, nami humwambia ale na anyamaze. Kaka yangu Wafula alisoma, akawa mwalimu mkuu, na sasa amestaafu. Akinitembelea hupenda kunikumbusha hadithi ya mapafu, na hucheka hadi machozi yamtoke. Mimi sicheki. Yule msichana wa kiraka alikuwa mbele yangu hatua nne tu.