Bitana Inayonenepa

Fundi cherehani alikwenda zahanati na sikio linalouma, akaambiwa apungue. Akaenda na kikohozi, akaambiwa apungue. Goti lilipovimba hakujisumbua. Unene wake aliujua kuliko mtu yeyote. Nani mwingine alikuwa akifumua mishono ya nguo zake kila mwaka na kuitanua?

Kwa hiyo damu ilipomrudia, miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma, hakwenda popote. Alimwambia wifi yake tu, waliyekuwa wakishona naye kibanda kimoja. Wifi akacheka hadi sindano ikamponyoka.

"Makubwa haya. Umerudi usichana? Kaka yangu ajiandae."

"Kaka yako kupanda ngazi tu kunamshinda."

Wakaishia hapo. Miezi ikapita, damu ikija na kuondoka, mpaka ilipochafua gauni la bibi harusi alilokuwa amelipakata akishona pindo. Safari hii wifi hakucheka. Alifunga kibanda, akamkokota hospitali.

Daktari, binti mwenye miwani, alimtazama juu hadi chini. "Mama, huu mwili..."

Fundi akainuka. "Si nilikwambia? Twende zetu."

Wifi akauziba mlango. "Daktari, huyu anatokwa damu, na hedhi ilishakoma zamani."

Kalamu ikasimama. "Kaa, mama. Hilo ndilo nilipaswa kuanza kuuliza."

Akaeleza kwamba mafuta ya mwilini hutengeneza homoni ya kike hata baada ya hedhi kukoma. Homoni hiyo hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, na ile nyingine ya kuuzuia huwa imekwisha. Ukuta ukikua hivyo bila kizuizi, unaweza kugeuka saratani. Si kila mnene huugua, na wembamba nao huugua, ila damu ya umri huo haisubiriwi.

"Yaani bitana ya ndani inanenepa, gauni la nje halina habari," Fundi alisema. "Na yule wa sikio alishindwa nini kunieleza hivi?"

Daktari akaandika kipimo.

Kinyama cha ukuta huo kikachukuliwa, kikapimwa. Seli zilikuwa zimeanza kuharibika; saratani bado. Ikaamuliwa mfuko utolewe.

"Ningekuja mara ya kwanza mngeniambia nini?"

"Tungekupima."

"Mngeniambia nipungue."

Daktari alivua miwani, akaifuta. "Labda."

"Haya, nipe tarehe. Ila iwe baada ya Jumamosi. Kuna bibi harusi wa watu hana gauni."