Gauni la Wifi

Mchumba wa kaka yangu hutafuna kabichi ya kuchemsha taratibu, akikilaza kijiko baada ya kila tonge, na shingo yake inazidi kurefuka mbele ya macho yangu. Hana uwezo wa kununua gauni la harusi, kwa hiyo anajikondesha aingie katika langu, lililokaa sandukuni tangu ndoa yangu ivunjike. Kila mchana mimi humwongezea wali. "Kula, wifi, mwanamke nyama." Yeye hucheka, kisha huurudisha sufuriani. Leo amelijaribu. Zipu ilipanda bila kukwama, akashika kitambaa kilichobaki kiunoni. "Mbona linanipwaya? Kumbe wifi ulikuwa bonge!" Tukacheka sote. Nikapiga magoti nyuma yake na pini, nikaanza kulipunguza, nikiuombea mkono wangu usimchome.