Mgomba Mbele ya Dishi

Mama alinipigia simu akasema dishi limekufa. Nikamwambia atafute fundi, mjini Kayanga wamejaa. Akajibu kwamba ameshaleta mafundi wawili na wote ni waongo, nije mimi niliyesoma. Msomaji wangu, nilichosoma mimi chuo kikuu ni fasihi. Naweza kukueleza saa nzima kwa nini mhusika fulani hakustahili kufa katika ukurasa wa mwisho, lakini redio yangu ikinyamaza naipiga kofi kama watu wengine wote. Hata hivyo mama akiita hujadiliani naye. Nikapanda basi kutoka Mwanza, na mwishowe nikawa nyuma ya bodaboda naelekea kwetu Ihanda, na mkobani nina spana moja niliyoinunua ili nionekane mtu wa kazi.

Kwetu dishi lina historia. Nilikuwa darasa la sita baba alipoleta la kwanza, lile la nyavu za chuma, pana kama paa la banda la mbuzi. Baba alikuwa mwalimu, na mwaka huo kahawa ilikuwa imemtendea wema. Umeme haukuwepo. Jenereta dogo lilinguruma nyuma ya jiko, na moshi wake ukachanganyika na harufu ya ndizi na maharage yaliyokuwa yakitokota tangu mchana. Bibi, mama yake baba, alilizunguka lile dishi, akaligonga kwa ukucha, akauliza sinia hili litaanikiwa nini. Hakuwahi kuliita jina lingine. Siku moja baba alirudi kutoka shule akakuta mkeka wa maharage umetandazwa ndani ya dishi, na bibi amekaa pembeni anafukuza kuku. Alisema maharage hayajawahi kukauka vizuri namna ile.

Kulitegesha ilikuwa kazi ya ukoo mzima. Baba alisimama kwenye dishi akilisukuma kama mtu anayemgeuza ng'ombe mkaidi. Mama alikaa mbele ya televisheni. Mimi nilikuwa dirishani. Katikati ya uwanja alisimama jirani yetu, aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana, akalima vibarua kwa watu mpaka akapata kipande chake. Mama akiona madoa yanacheza kwenye kioo alisema chenga, mimi nikapaza sauti chenga, jirani akampelekea baba. Ikitokea sura ya mtu, tulipiga kelele "Watu!" na baba alitakiwa asipumue. Tabu ilikuwa jirani, kwa sababu hakuweza kufikisha ujumbe bila kuutia chumvi. Mimi nikisema watu, yeye alimwambia baba kuna nusu mtu, tena hana shingo, mwalimu ongeza kidogo tumpatie shingo. Baba akicheka dishi lilitikisika, na yule mtu alitokomea mzima mzima.

Adui yetu alikuwa mgomba. Kama hukukulia kwetu, jua kwamba nyumba zetu hukaa ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba pande zote na kuikaribia mpaka majani yanagusa bati. Mgomba wa karibu na nyumba ndio unaonenepa, kwa sababu ndio unaokula majivu, maganda na samadi. Na mgomba hautulii. Shina mama hukatwa, mtoto huchipua pembeni, na mwaka hadi mwaka tungo zima, mama na watoto wake, hujongea. Bibi alikuwa akisema mgomba hauna miguu lakini unafika. Tulikuwa tukilala picha ikiwa safi, wiki mbili baadaye jani jipya limejikunjua mbele ya dishi, pana, laini, linang'aa kwa umande, na sisi tunatazama chenga.

Jani la kawaida lilikatwa, tukaendelea. Ila kulikuwa na tungo moja ambalo halikuguswa, nalo lilikuwa langu. Kwetu mtoto akizaliwa kondo lake la nyuma huzikwa kwenye shina la mgomba, na langu bibi mwenyewe alilizika pale ukingoni mwa uwanja. Nikifanya utukutu alininyooshea kidole kule akaniambia nenda kaongee na mwenzako. Nilikuwa nakwenda kweli. Nilisimama pale nimenuna, nikichuna maganda makavu ya shina, na sijui nani alimwonea huruma mwenzake.

Ikafika Jumapili ya mpira mkubwa. Watu walikuwa wamejaa uwanjani tangu walipotoka kanisani, Walutheri upande huu, Wakatoliki upande ule, watoto juu ya ukuta. Televisheni ikawashwa, chenga tupu. Baba alizungusha dishi mpaka shati likalowa. Mwisho akainua macho akaona: mgomba wangu ulikuwa umesimama sawasawa kwenye njia ya mawimbi, na mkungu mchanga juu. Akaingia ndani akatoka na panga.

 Bibi alibeba kapu lake la maharage, akaenda akaketi chini ya ule mgomba, akanyoosha miguu, akaanza kupukuchua.  Baba akamsihi kwa Kinyambo, kisha kwa Kiswahili ili wageni waone kwamba yeye ni mtu wa hoja. Ni mgomba mmoja tu, mama. Iko mia.

"Huyu ana mtoto wangu chini yake," bibi alisema bila kuinua uso. "Sinia lako lina nani?"

Jirani ndiye aliyedakia. "Mwalimu, hapo umeshafungwa moja bila."

Watu walicheka mpaka baba naye akacheka, panga likarudi ndani. Wanaume wakaling'oa dishi na nguzo yake, wakalibeba mabegani kama wabebavyo mgonjwa kwenye machela, wakalizungusha nyumba nzima wakitafuta mahali ambapo mbingu iko wazi. Walilituliza karibu na banda la mbuzi. Tukaona kipindi cha pili. Toka siku hiyo, kila mgomba wangu uliposogea, dishi lilihama. Nilikua nikiamini kwamba hivyo ndivyo dunia ilivyopangwa, kwamba chuma humpisha mgomba.

Basi nilipofika safari hii, dereva wa bodaboda aliniuliza kama ni hapa. Nikasema hapana, mbele kidogo. Akasema, "Lakini mama, huyo bibi anakupungia mkono."

Alikuwa mama. Sikuitambua nyumba kwa sababu niliiona. Kibanja hakikuwepo. Palikuwa na mahindi membamba, mihogo kidogo, na mashimo yaliyofukiwa, udongo wake bado umevimba. Kahawa zilizozoea kivuli zilikuwa zimekunjamana juani. Nilikuwa nimesikia habari za mnyauko, ugonjwa unaoua migomba. Mama aliniambia kwenye simu kwamba umepita, kwa sauti ile ile anayoniambia kwamba mvua imepita. Sikuuliza umepita na nini.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mikono yote miwili bila kuiachia. Kisha akaniongoza moja kwa moja kwenye dishi, hili dogo la siku hizi, lililofungwa ukutani. Mbele yake, ukingoni mwa uwanja, lilisimama tungo moja la mgomba. La kwangu. Kati ya yote lilibaki hilo, mashina matatu, na mkungu kwenye lililo kubwa.

"Kila fundi anayekuja anataka kukukata," mama alisema. "Nikawafukuza."

Nilielewa nilichoitiwa, au nilidhani nimeelewa. Baba na bibi wamelala nyuma ya nyumba, kwenye makaburi ambayo zamani hukuweza kuyaona mpaka uyafikie. Hapakuwa na mwingine wa kulihamisha dishi. Nikavua viatu vya mjini, nikapanda ngazi, nikashika spana yangu kwa heshima zote.

Siku hizi hakuna chenga. Kuna rangi ya buluu na maandishi yanayokuambia kwa adabu kwamba huna kitu. Mama alikaa ndani na kunipigia simu kutoka sebuleni, mimi nikiwa ukutani, tukisikiana kwa dirisha na kwa simu pamoja, sauti yake ikinifikia mara mbili. Buluu. Buluu. Bado buluu, mwanangu. Nilifungua nati nilizopaswa kuzikaza na kukaza zile nilizopaswa kuzifungua. Nililihamisha kutoka ukuta wa mbele nikalipeleka kwenye nguzo ya jikoni, nikakata kiganja, nikamtukana fundi asiyehusika. Jua lilipoanza kulegea, simu ikaita na mama hakusema kitu. Nikasikia mtu anasoma habari.

Nilishuka nikicheka peke yangu. Msomaji, nimepata shahada mbili katika maisha haya na hakuna hata moja iliyonifurahisha hivyo. Nilikwenda nikasimama mbele ya mgomba wangu kama mtu aliyemtoa ndugu yake mahabusu.

Mama akasema tusherehekee, niukate ule mkungu tupike. Jirani alikuwa amekuja kunisalimia, mzee sasa, anatembelea fimbo. Nikamtania kwamba safari hii chuma kimefungwa tena. Alitabasamu kidogo tu, akiutazama mkungu. Niliuangusha taratibu, nikaubeba mpaka jikoni. Hapo ndipo nilipoona vidole viwili vya ndizi vimekuwa vya njano kati ya vingine vibichi kabisa. Nikafurahi, nikasema tazama, umewahi kuiva. Mama akakaa kwenye kigoda, akachukua kisu, akakata kidole kimoja katikati, akanionyesha. Ndani palikuwa na madoa ya kahawia, kama kutu. Akakata cha kijani. Kutu. Akakata kingine, kisha akaacha, akakifuta kisu kwa majivu, muda mrefu, kama mtu anayefuta damu.

Nilianza kuongea. Nilisema tutamwita bwana shamba, kuna dawa siku hizi, nitasoma, nitauliza watu chuoni. Jirani alisema polepole kwamba hakuna dawa, mwanangu, dawa yake ni shimo.

"Najua," mama akasema. "Nilijua tangu vuli ilipoanza, jani la katikati lilipolegea. Nilitaka ujikute bado umesimama."

 Runinga ilikuwa ikiendelea sebuleni, safi kabisa, mtu akitangaza sabuni.

Asubuhi jirani alikuja na wajukuu zake na majembe. Aliwasha moto mdogo wa kuchomea panga, maana panga lisilochomwa hubeba ugonjwa kwenda kwa mwingine, ingawa mwingine hakuna. Alilichoma hata hivyo. Mashina yalidondoka bila kelele; mgomba una maji mengi, haulii kama mti. Mbuzi walifungwa mbali wasile majani. Wakachimba kufuata tungo mpaka chini, na mimi, mwanamke mzima mwenye miwani, nilichungulia shimoni nikitarajia sijui nini. Palikuwa na udongo mweusi na minyoo. Mama alisimama ameshika tama. Nilimuuliza tutapanda nini hapo. Alisema wataalamu wamekataza kupanda mgomba mpaka misimu ipite, na kwamba yeye na misimu hawajaandikiana mkataba.

Nilimwomba twende wote Mwanza. Akaniuliza nani atabaki na wale wawili nyuma ya nyumba, jamani waitu, maana sasa hawana hata kivuli. 

Najaribu kuwaeleza wanangu kibanja kilikuwa nini na nashindwa. Nawaambia kulikuwa na giza la kijani saa sita mchana, kwamba mvua ilianza kusikika juu ya majani kabla haijakugusa, kwamba ukitumwa chumvi kwa jirani ulipita chini ya migomba njia nzima bila kuona jua, na watu ulisalimiana nao kwa sauti kabla ya sura. Wananisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza habari za mfalme fulani. Wao wakienda kwa bibi yao wanaona uwanja wenye mahindi na televisheni inayoonyesha vizuri.

Siku ya kuondoka nilipanda bodaboda, mama akabaki mlangoni. Zamani mtu akiondoka kwetu ulimuaga mara moja tu. Hatua chache, majani yanajifunga nyuma yake, nyumba imepotea, na kila mmoja analia upande wake bila kuonwa. Safari hii nilifika barabarani nikageuka, bado namwona. Tukashuka bondeni, tukapanda upande wa pili kuelekea Bugene, nikageuka tena. Nyumba ilikuwa wazi juu ya kilima kitupu, na mlangoni kitu kidogo cha rangi ya kitenge, mkono juu. Dereva aliniuliza kama asimame. Nilimwambia aendelee. Nilipogeuka mara ya tatu alikuwa bado anapunga, naye bila shaka alikuwa ananiona mimi, na hapakuwa na jani hata moja la kutusaidia.