Bangili za Inshirah

Jirani yangu Inshirah, muuguzi mstaafu, aliuza bangili tatu kati ya zake nne ili atoe riwaya. Hapa kwetu Tanta, Misri, bangili za dhahabu ndizo akiba ya mwanamke, na mumewe, Fikri muuza peremende, alinuna wiki nzima. Mchapishaji alitaka alipwe kwanza, kisha akamwachia mwandishi kazi ya kuuza. Inshirah akamwapia mumewe kwamba vitabu vikiuzwa, bangili zitarudi.

Siku ya kuwatilia wasomaji saini vitabuni alikodi ukumbi wa klabu. Chai na keki vilitoka mfukoni mwake pia. Mimi nilikaa ubavuni pake na kopo la kutilia pesa. Watu walijaa, nami nikafurahi.

Wa kwanza alikuwa binamu yake, Lawahiz. "Bei gani, shoga?"

"Acha tu, mpenzi. Hiki juu yangu."

Sikushtuka. Ni maneno ya adabu. Fikri huwaambia hivyo wateja wote, nao hukataa na kung'ang'ania mpaka apokee pesa. Hajatoka mtu dukani kwake na peremende za bure. Inshirah alidhani na kitabu ni vivyo hivyo.

Lawahiz alimbusu mashavu yote mawili. "Mungu akuzidishie. Niandikie na cha mume wangu, asije akaona wivu."

Akaondoka na viwili. Waliokuwa nyuma yake walikuwa wamesikia. Daktari akachukua, mwalimu mkuu akachukua, na wake zao wakawachukulia dada zao.

"Inshirah, taja bei," nikamnong'oneza.

"Naona haya. Nitawadaije watu waliokuja kunifurahia?"

"Mbona peremende wanalipia?"

"Peremende hazina jina langu."

Nilitamani kumfinya. Miaka minne alikuwa akiamka alfajiri kuandika, na hao wamemlia keki yake, wamempiga picha, wamekwenda zao. Aliendelea kutabasamu, lakini mkono ulikuwa chini ya meza, ukiizungusha bangili iliyobaki. Nilimwonea huruma.

Mwisho wa foleni alisimama Fikri, ametoka dukani na sukari kwenye mikono ya shati. Inshirah alipomwona, uso ukamshuka.

"Bei gani?" Fikri akauliza.

"Acha tu," akajibu kwa mazoea, sauti ikimkatika.

"Haiwezekani."

"Acha, Fikri. Juu yangu."

"Wallahi utapokea."

Akatoa noti za pauni, bei kamili, akazitia mwenyewe kwenye kopo. Hakukuwa na nyingine humo.

"Sasa niandikie. Jina langu lote, na la baba."

Inshirah aliandika huku machozi yakidondokea ukurasa. "Bangili hazirudi, Fikri."

"Nimeliona kopo."

Akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kusoma. Tulikusanya vikombe, tukafagia, mlinzi akaja kufunga, na Fikri hajainua kichwa.